Mkuki kwa Nguruwe: Damu ya Wasio na Silaha katika Vita vya Maji Maji

Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa katika shule moja ya sekondari huko kusini, siku za kuwakumbuka mashujaa wa Maji Maji, ili tusome tungo zetu na kuzungumza na wanafunzi juu ya historia ya taifa. Tulizungumza kwa fahari, kama ipasavyo siku ya namna hiyo. Tulipomaliza, msichana mmoja wa kidato cha tatu akasimama, akatuamkia kwa adabu, kisha akauliza: "Mzee, umetuambia kwamba Wajerumani waliwaua watu wasio na silaha, na kwamba tendo hilo ni la dhuluma. Lakini tumesoma kuwa wapiganaji wetu nao waliwaua watawa waliokuwa safarini. Je, hao nao tuwaite nani?"

Tulijibu upesi kwamba vita ni vita. Darasa likanyamaza, mwalimu wao akatushukuru, nasi tukaketi. Lakini tulipokuwa njiani kurudi mjini tuliona wazi kwamba lile halikuwa jibu. Kwa maana kama vita ni vita kwa upande wetu, basi ni vita kwa upande wa Mjerumani pia, na aliyeyachoma moto maghala ya chakula aweza naye kujifunika kwa shuka hiyo hiyo. Insha hii ni jibu tulilopaswa kumpa binti yule siku ile. Tunaliandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya walimu ambao hapana budi wataulizwa swali kama lake.

Habari zenyewe

Yafaa kwanza tuyaweke mezani mambo yalivyokuwa, maana hukumu isiyotanguliwa na habari ni porojo tu.

Tangu mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilikuwa ikiwatoza wananchi kodi ya nyumba. Kuanzia mwaka 1902, katika wilaya kadhaa za pwani na za kusini, watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya usimamizi wa maakida na majumbe. Malipo yalikuwa haba mno, na kiboko kilikuwa karibu. Siku za kulima pamba ya serikali ndizo zilizokuwa siku za kulima chakula cha nyumbani. Huko Ngarambe, karibu na mto Rufiji, akatokea Kinjikitile Ngwale aliyegawa maji ya dawa, na watu wakasadiki ya kuwa maji hayo yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji matupu.

Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliing'oa miche ya pamba. Hiyo ndiyo ilikuwa tangazo la vita. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro, lakini vita havikunyongwa pamoja naye. Vilienea kutoka Umatumbi na Kilwa hadi Liwale, Mahenge, Lindi na Ungoni, vikawakusanya watu wa makabila mengi ambao kabla ya hapo hawakuwahi kusimama chini ya neno moja. Kwa sababu hiyo tunavihesabu vita vya Maji Maji kuwa miongoni mwa misingi ya utaifa wetu, na kwa sababu hiyo Mwalimu Nyerere alivitaja mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 alipokwenda kudai haki ya nchi yetu.

Hiyo ndiyo sehemu ya habari tunayopenda kuisimulia. Sehemu nyingine ni hii. Mwishoni mwa Julai 1905 wapiganaji waliyachoma moto makazi ya wafanyabiashara wa Kiasia huko Samanga. Tarehe 14 Agosti, mahali paitwapo Mikukuyumbu, si mbali na Liwale, walikutana na msafara wa Askofu Cassian Spiss wa shirika la Wabenediktini. Pamoja naye walikuwamo mabruda wawili na masista wawili. Wote watano waliuawa. Baadaye misheni kadhaa za kusini, Nyangao na Peramiho zikiwamo, zilishambuliwa. Watu hao hawakuwa wanajeshi, na masista wale hawakuwa wamemtoza mtu kodi wala kumpiga mtu kiboko.

Sasa tutazame upande wa serikali. Gavana wa wakati ule, Gustav Adolf von Götzen, aliomba manowari na askari zaidi kutoka ng'ambo. Penye mapambano ya uwanjani bunduki za mzinga zilifanya kazi yake: huko Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji waliokuwa wakiijongelea boma kwa imani ya dawa walifyekwa kama nyasi. Hao walikuwa wapiganaji, nao walikufa kama wapiganaji. Lakini baada ya wananchi kuziacha vita za uwanjani na kuanza kuvizia msituni, serikali iligeuza shabaha. Mwezi Oktoba 1905 Kapteni Wangenheim alimwandikia gavana kwamba kwa maoni yake ni njaa na dhiki peke yake zitakazowalazimisha watu kusalimu amri kabisa, na kwamba mapigano matupu hayatatosha. Ndivyo ilivyofanyika. Vikosi vilipita vijijini vikachoma nyumba, vikateketeza mashamba, vikatwaa au kuharibu nafaka ghalani, vikawachukua mifugo. Mbegu za kupanda mwaka uliofuata nazo zikaenda na moto.

Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa siku moja, na Nduna Songea Mbano akanyongwa siku chache baadaye. Vita vilizimika kidogo kidogo hadi mwaka 1907, lakini njaa haikuzimika pamoja navyo. Hesabu ya serikali ya Kijerumani ilitaja Wazungu 15 na askari Waafrika 389 waliokufa upande wake, na ikakisia wananchi 75,000 upande wa pili. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee wa kusini katika miaka ya 1960, alikadiria kwamba waliokufa kwa vita na kwa njaa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakushika mkuki. Walikuwa wazee, akina mama, na watoto waliokuwa wakisubiri mavuno yasiyokuja. Mahali palipokuwa na vijiji pakarudi msitu, na wanyama wa porini wakatamalaki.

Mizani ya idadi

Mtu aweza kusema: basi, jibu si liko wazi? Upande mmoja watu wachache, upande wa pili mamia ya maelfu. Ni kweli kwamba idadi si jambo la kudharauliwa, na anayelinganisha mauaji bila ya kuhesabu anataka kuficha jambo. Lakini idadi peke yake haitoshi kuwa mizani. Tukiifanya idadi kuwa hakimu, tutakuwa tumesema kwamba mtawa mmoja aliyeuawa Mikukuyumbu si kitu kwa kuwa wako wengi waliokufa Ungoni. Mfiwa halii kwa hesabu. Katika mila zetu, msiba wa mtu mmoja hufungiwa duka, husimamishiwa jembe, na jirani huja na unga wake mkononi. Hatuulizi kwanza ni wangapi wamekufa mtaa wa pili ndipo tujue kama tulie au tusilie.

Zaidi ya hayo, kama wapiganaji wetu wangekuwa na bunduki nyingi kuliko Wajerumani, hatujui wangeua wangapi. Uchache wa silaha si wema wa moyo. Kwa hiyo tutafute mizani nyingine ya kuambatana na hii ya idadi.

Mizani ya sababu

Wako wanaosema kwamba kinachopima tendo ni sababu yake: mnyonge anayepigania ardhi yake hawezi kulinganishwa na mnyang'anyi aliyekuja kuitwaa. Sisi tunakubali nusu ya kauli hii. Sababu ya wananchi ilikuwa ya haki, na sababu ya serikali ile haikuwa ya haki. Hakuna Mjerumani aliyekuwa na hati ya Mungu ya kumlimisha Mmatumbi pamba kwa kiboko. Haki ya kuinuka dhidi ya dhuluma ile haina shaka.

Lakini sababu njema hutakasa vita. Haitakasi kila kinachofanyika ndani ya vita. Mtu akiwa na haki ya kumfukuza mwizi nyumbani mwake, haki hiyo haimpi ruhusa ya kumkata panga mpita njia kwa kuwa anafanana na mwizi. Watawa wale waliuawa kwa sababu ya rangi yao na kwa sababu walihesabiwa kuwa upande mmoja na boma. Wafanyabiashara wa Samanga walichomewa nyumba zao kwa kuwa walionekana kuwa ni wa jamii ya wageni. Mtu kuhesabiwa hatia ya jamii yake ndilo kosa lile lile tunalomshutumu nalo Mjerumani, aliyekihesabu kila kijiji cha kusini kuwa kina hatia na kukichoma. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sisi tusiwe watu wa kuuonja uchungu wake pale tu unapotuchoma wenyewe.

Tena tukumbuke kwamba mizani ya rangi haifai hata kidogo katika vita hivi. Waliobeba mienge na kuyachoma maghala, kwa sehemu kubwa, walikuwa askari Waafrika. Wako pia watu wa makabila ya jirani waliopigana upande wa serikali, kila mmoja kwa hesabu zake. Leo wajukuu wa waliochoma na wajukuu wa waliochomewa huketi dawati moja, huimba wimbo mmoja wa taifa. Mwalimu asemaye kwamba ubaya wote ulitoka kwa wageni na wema wote ulikaa kwetu anawaficha watoto hao habari za babu zao.

Mizani ya dhamana

Je, tumefika pale pa kusema kwamba pande zote mbili ni sawa? La. Na hapa ndipo tulipo na neno la kumwambia binti yule.

Serikali si mtu mmoja mwenye hasira. Serikali ni mkono unaodai kwamba una haki ya kukusanya kodi, kuhukumu, kufunga na kunyonga, kwa sababu unawalinda wale unaowatawala. Mjerumani aliwaita watu wa kusini watu walio chini ya himaya yake. Aliwaandika katika madaftari yake, akazihesabu nyumba zao, akachukua rupia zao. Apokeaye kodi ya mtu amepokea dhamana ya uhai wake. Mzazi akimpiga mwana wa jirani ni kosa. Akimnyima chakula mwanawe mwenyewe hadi afe, watu wa kijiji hawatasema kwamba makosa hayo ni mamoja.

Tofauti ya pili ni ya shauri. Yaliyotokea Mikukuyumbu yalitendwa na kundi lililokutana na msafara katika siku za kwanza za vita, na hapakuwa na ofisi wala jaribio la hukumu kati ya hasira na tendo. Hilo halipunguzi maumivu ya waliouawa. Lakini njaa ya kusini ilikaliwa shauri. Iliandikwa kwa kalamu, ikapelekwa kwa barua, ikatekelezwa kwa miezi mingi na watu waliokuwa na nafasi ya kulala, kuamka na kufikiri upya kila siku. Kila asubuhi ghala moja lilipowashwa moto palikuwa na afisa aliyeweza kusema basi. Njaa, tena, haina macho. Mkuki humchagua mtu, hata kama unamchagua kwa makosa. Njaa huanza na mtoto mchanga na mzee, yaani wale ambao kwa hakika hawakupigana. Anayeichagua njaa kuwa silaha amechagua kwa makusudi kuwaua wasio na silaha kabla ya wenye silaha.

Tofauti ya tatu ni ya kujibu. Kinjikitile alijibu kwa kitanzi. Viongozi wa Wangoni walijibu kwa kitanzi, na wengi waliohusika na mauaji ya misheni walisakwa na kuuawa. Gavana von Götzen alirudi kwao, akaandika kitabu juu ya vita hivyo mwaka 1909, akapewa kazi ya ubalozi wa Prussia mjini Hamburg, akafariki mwaka 1910. Muasi akiua huitwa mwuaji siku ile ile. Serikali ikiua huitwa kurudisha utulivu, na miaka mingi hupita kabla jina lile jingine halijatamkwa. Sisi tunaoshughulika na maneno twajua kwamba neno laweza kuwa ghala la kufichia maiti. Adhabu, utulivu, kusafisha eneo: hayo ndiyo maneno ambayo mwanafunzi wa historia inampasa ayafungue na kutazama ndani.

Mfano wa jirani

Ili tusidhaniwe kwamba tunayapima haya kwa vita vyetu peke yake, na tuijaribu mizani hii kwa jirani zetu wa Kenya, katika vita vya Mau Mau.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, wapiganaji wa Mau Mau walizivamia nyumba za watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali. Watu zaidi ya 70 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto, na wako walioteketea ndani ya nyumba zao. Sababu ya Mau Mau, yaani ardhi na uhuru, ilikuwa ya haki. Tendo la Lari halikuwa la haki, na hakuna haja ya kulitafutia jina laini. Lakini usiku ule ule na siku zilizofuata, askari wa serikali na walinzi wake waliwaua watu wengine wengi kwa kulipiza kisasi. Picha za maiti za kwanza zilienezwa duniani; za pili hazikuenezwa.

Kisha tuitazame kambi ya Hola. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliokuwa mikononi mwa serikali, hawana silaha wala pa kukimbilia, walipigwa na walinzi hadi wakafa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya pipa. Na msomaji aliangalie neno hilo. Wazee wetu walidanganyika kwamba maji yatazuia risasi, nao waliulipia udanganyifu huo kwa maisha yao wenyewe. Serikali ile iliyatumia maji kuficha virungu vyake, na uongo huo ulikusudiwa kuwalinda wauaji, si wauawa. Ndipo mizani ya dhamana inapotuonyesha uzito wake: muasi wa Lari alificha uso wake kwa giza la usiku, ilhali serikali ilijificha nyuma ya muhuri ambao kazi yake ni kuthibitisha ukweli.

Ilimchukua Mwingereza hadi tarehe 6 Juni 2013 kusimama bungeni London na kutamka majuto yake, pamoja na fidia ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 waliothibitika kuteswa. Ilimchukua Mjerumani hadi tarehe 1 Novemba 2023, ambapo Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, penye makumbusho ya Maji Maji, akakutana na jamaa wa waliouawa na kuomba msamaha. Zaidi ya miaka mia moja na kumi na mitano ilikuwa imepita. Katika desturi zetu, aliyekosa huja kuomba radhi mfiwa angali hai. Hata hivyo aliyechelewa si sawa na asiyekuja.

Neno la kumalizia

Basi, binti yetu, kama ungesimama tena leo na kutuuliza wale waliowaua watawa tuwaite nani, tungekujibu hivi. Waite kwa majina mawili. Waite wapigania uhuru, kwa kuwa walikuwa. Na kwa siku ile ya Mikukuyumbu waite wauaji, kwa kuwa walikuwa. Jina moja halilifuti la pili. Kisha uitazame serikali iliyowapinga, nawe utaona kwamba yenyewe ina jina moja tu katika jambo hili, kwa maana haikuwa na haki katika sababu yake wala katika tendo lake, na iliwaua watu iliokuwa imepokea kodi zao. Pande hizo mbili hazikulingana. Lakini kutolingana kwao si ruhusa ya kulifuta kaburi lo lote kati ya yaliyochimbwa.

Na pale unaposikia popote duniani, leo au kesho, kwamba watu wasio na silaha wameuawa, usianze kwa kuuliza ni wa upande gani. Uliza kwanza walikuwa na silaha gani. Uliza aliyewaua alikuwa na dhamana gani juu yao. Uliza tendo lile lilitoka katika hasira au katika shauri, na ni nani aliyejibu kwa ajili yake. Halafu uyaulize maswali hayo hayo kwa upande unaoupenda, kwa sauti ile ile. Hiyo ni kazi ngumu, na ni ngumu zaidi kwa taifa linalopenda mashujaa wake.

Mwaka ule wa 1956 Mwalimu Nyerere aliueleza Umoja wa Mataifa kwamba vita dhidi ya Wajerumani viliwafundisha watu wetu ubatili wa kujaribu kuwafukuza watawala kwa nguvu. Chama cha TANU kilishika njia ya maneno, na mwaka 1961 tukapata uhuru bila ya kuchimba makaburi mengine kama yale ya kusini. Sisi tunaamini kwamba fundisho hilo halikutoka kwa mashujaa peke yao. Lilitoka pia kwa akina mama wa Ungoni na Umatumbi waliotazama ghala likiungua, na kwa wale watano waliolala njiani karibu na Liwale. Wote hao ni sehemu ya historia ya nchi hii, na mwalimu ana wajibu wa kuwataja wote.